Chupa tupu za dawa ya kahawa Mbinga ni mzigo wa nani?

MSIMU wa kupulizia dawa kwenye kahawa unapokwisha wilayani Mbinga, mkulima huanza kupiga hesabu zake. Anahesabu kilo atakazovuna, bei inayotarajiwa mnadani na deni la pembejeo analodaiwa na chama chake cha msingi. Hesabu moja haifanyiki kamwe. Ni ile ya chupa, makopo na mifuko iliyobeba dawa hizo, pamoja na dawa iliyosalia ambayo muda wake wa matumizi umekwisha.

Vitu hivyo havipotei. Vingine huchomekwa kwenye paa la jiko, vingine hutupwa korongoni, vingine hufukiwa nyuma ya nyumba. Vilivyo hatari zaidi ni vile vinavyosuuzwa juu juu na kugeuzwa vyombo vya mafuta ya taa, mafuta ya kula au hata ulanzi.

Katika maduka ya pembejeo nako hali si nzuri. Nyuma ya rafu huwa kuna katoni za dawa iliyopitwa na wakati ambazo mwenye duka hawezi kuziuza kihalali, anaogopa kuzitupa, na aliyemuuzia Songea au Makambako hataki hata kusikia habari zake.

Kisheria, hizo ni taka hatarishi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 pamoja na kanuni zake zinataka taka za aina hiyo zitenganishwe na takataka nyingine, zifungashwe, ziwekewe alama, zibebwe na msafirishaji mwenye kibali na ziambatane na hati inayoonyesha zimetoka wapi na zinakwenda wapi. Mkataba wa kimataifa wa Basel, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1993, unazitaja taka zitokanazo na viuatilifu katika fungu lake namba Y4.

Kwenye karatasi, basi, mambo yote yamekamilika. Kinachokosekana ni gari la kuja kuzichukua.

Kumwambia mkulima mwenye miti 800 ya kahawa na chupa tupu sita kwamba atafute msafirishaji mwenye kibali ni kumfanyia mzaha. Mzigo huo unapaswa kubebwa na wanaoingiza dawa nchini na kuzisambaza, kwa kuwa ndio wanaopata faida katika kila chupa na ndio wenye magari yanayofika hadi Mbinga. Lakini hata wakikubali leo, hawataweza kubeba kitu wasichokijua. Hapo ndipo mkulima, mwenye duka na chama cha msingi wanapoingia: kazi ya kuainisha na kufungasha lazima ianzie kwao.

Wanaodhani jambo hili ni la watu wa mazingira tu wanapaswa kukumbuka yaliyotokea Vikuge, mkoani Pwani. Mwaka 1986, shamba la serikali la Vikuge lilipokea takriban tani 170 za viuatilifu kama msaada wa kilimo, na sehemu ya dawa hizo ilikuwa tayari imepitwa na wakati. Ziliwekwa katika banda la wazi kwa karibu miaka 10, hadi banda lenyewe likaanguka. Mabaki yaliondolewa mwaka 1996.

Wataalamu walipopima udongo wa mahali hapo baadaye, walikuta sehemu zenye sumu ya DDT inayozidi robo ya uzito wa udongo wenyewe. Yaani mtu akichota kilo moja ya udongo, zaidi ya gramu 250 zilikuwa sumu. Hayo ni baada ya kusafisha.

Vikuge haikuwa peke yake. Ukaguzi wa miaka ya 1990 ulionyesha kuwa nchi ilikuwa na zaidi ya tani 1,000 za viuatilifu vilivyokwisha muda, vikiwa vimetawanyika katika maghala ya serikali, mashamba ya umma na vyama vya ushirika. Nyingi zilitokana na utaratibu wa zamani, ambapo dawa ziliagizwa kwa wingi kutoka juu bila kujali kama huko chini kuna mdudu wa kuuawa. Vyama vikuu vilipoyumba, dawa zilibaki maghalani bila mwenyewe. Mwaka 2005, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi saba zilizoanza mpango wa Afrika wa kuondoa limbikizo hizo, pamoja na Ethiopia, Mali, Moroko, Nigeria, Afrika Kusini na Tunisia.

Somo kubwa la mpango huo kwa mfanyabiashara lilikuwa ni fedha. Makadirio ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) yalikuwa kwamba kufungasha, kusafirisha na kuteketeza dawa zilizokwisha muda kunagharimu kati ya dola 3,000 na 5,000 za Marekani kwa tani. Hiyo ni dola tatu hadi tano kwa kilo. Ziko dawa ambazo kilo yake ilinunuliwa kwa fedha pungufu ya hizo.

Gharama inakuwa kubwa kwa sababu sumu hizi haziteketei kwa moto wa kawaida. Dawa zenye klorini zinahitaji tanuri lenye joto la nyuzi 1,100 au zaidi, na moshi wake ukae humo kwa muda wa kutosha kabla ya kutoka. Moto wa mabua nyuma ya nyumba haufiki hata karibu na hapo. Unachofanya ni kuifanya sumu iwe moshi, tena mara nyingi moshi mbaya kuliko dawa yenyewe, halafu wanaouvuta ni watoto wa nyumba hiyo hiyo.

Mbinga haina tanuri kama hilo, na kwa wingi wa taka zake haina sababu ya kulijenga. Taka hizo lazima zisafiri. Kutoka Mbinga hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000, kupitia Songea, milima ya Lukumburu, Njombe, Makambako, Iringa, mteremko wa Kitonga na hifadhi ya Mikumi. Mzigo uliofungwa ovyo hauwezi kufika salama kwa safari hiyo, na hakuna dereva mwenye akili atakayeukubali.

Sasa, kuainisha maana yake ni nini? Kwanza ni kujua kilichomo ndani. Kopo lenye lebo linalosomeka limekwisha kujieleza: jina la dawa, kiambata chake, nguvu yake, tarehe yake na rangi ya utepe ulio chini ya lebo. Utepe mwekundu ni sumu kali sana, njano ni sumu ya kati inayoweza kuleta madhara makubwa, bluu ni sumu yenye nguvu ndogo, na kijani ni ile ambayo haitarajiwi kuleta madhara makali ikitumiwa ipasavyo. Mkulima wa Mbinga amefundishwa rangi hizo kwa ajili ya kupulizia. Rangi hizo hizo zinamfaa wakati wa kutupa.

Kopo lisilo na lebo ni habari nyingine. Hilo linachukuliwa kuwa na sumu ya daraja la juu hadi ithibitike vinginevyo, na kuthibitisha kunahitaji sampuli ipelekwe maabara. Gharama ya kupima chupa moja isiyojulikana ni ile ile, iwe ndani mna nusu lita au lita 20. Kwa hiyo anayechana lebo ili chupa ionekane safi, au anayehamishia dawa kwenye chupa ya soda, anazalisha taka ya ghali kupita zote.

Tabia ya kupima dawa kwa vizibo na kuiuza kwenye chupa za maji ya kunywa inapaswa kuangaliwa kwa jicho hilo pia. Inasemwa sana, na ni kweli, kwamba inaua watu. Inasemwa kidogo kwamba inawaachia wengine chupa ambazo hakuna atakayejua kilichokuwamo. Bila shaka mwenye duka anafanya hivyo kwa sababu mteja wake ana shilingi 2,000 tu mfukoni. Dawa ya tatizo hilo ni viwanda kufungasha vipimo vidogo vyenye lebo kamili, si muuzaji kugeuka kiwanda.

Pili, kuainisha ni kujua taka hiyo itafanya nini barabarani. Umoja wa Mataifa umepanga bidhaa hatari zinazosafirishwa katika makundi tisa. Sumu ziko katika kundi la sita, tindikali za betri katika la nane, vimiminika vinavyoshika moto katika la tatu, na vile vinavyodhuru mazingira, ambavyo havimo katika makundi mengine, huingia la tisa. Ndani ya kundi la sumu kuna madaraja matatu ya ufungashaji, la kwanza likiwa la hatari kubwa kabisa na la tatu la hatari ndogo.

Mgawanyo huo si urembo wa vitabuni. Dawa nyingi za maji, zile zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikikutana na maji, zimeyeyushwa katika vimiminika vinavyotokana na petroli. Hizo ni sumu na pia zinaweza kuwaka. Unga wa shaba unaotumika kuzuia chulebuni na kutu ya majani hauwaki, wala haumwui mtu kwa haraka kama sumu za wadudu, lakini ni mbaya kwa samaki na viumbe vingine vya majini. Salfa inayotumika kwenye mikorosho huko Tunduru ni unga unaoshika moto, na mifuko yake haifai kukaa pamoja na vitu vinavyochochea moto.

Vidonge vya kufukizia mahindi ghalani vinahitaji kutajwa peke yake, kwa sababu Ruvuma ni mkoa wa mahindi na vidonge hivyo viko kila sokoni. Vikigusa maji au hata unyevu hutoa gesi ya fosfini, ambayo inaua mtu ndani ya chumba kilichofungwa na inaweza kulipuka. Kanuni ya kusuuza kopo kwa maji, ambayo ni nzuri kwa dawa za kupulizia, ikitumika kwenye kopo lenye mabaki ya vidonge hivi ni maafa. Mtu mmoja mwenye nia njema, anayekusanya makopo yote ya kijiji na kuyasuuza kwenye beseni moja, anaweza kufa kwa kutojua kuainisha.

Kwa chupa za dawa za maji, kusuuza mara tatu ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote. Dawa inapokwisha, chupa inatiwa maji kiasi cha robo, inafungwa, inatikiswa kwa nusu dakika na maji hayo yanamwagwa ndani ya bomba la kupulizia. Hivyo mara tatu. Kazi hii ifanywe pale pale shambani kabla dawa haijakauka ndani, maana ikikauka haitoki kirahisi. Mkulima hapotezi kitu; maji ya kusuuza ni dawa aliyoilipia, nayo inaishia kwenye mti wa kahawa.

Chupa iliyosuuzwa hivyo inabaki na sumu kidogo mno. Miongozo ya FAO na Shirika la Afya Duniani inaruhusu chupa za namna hiyo zihesabiwe kuwa si taka hatarishi, mradi ziwe zimekaguliwa. Tofauti yake kifedha ni kubwa. Chupa iliyosuuzwa inaweza kusagwa na kutengenezwa vitu visivyogusa chakula wala maji ya kunywa, na inasafirishwa kama plastiki. Isiyosuuzwa inasafirishwa kama sumu. Ikishasuuzwa itobolewe kitako ili isirudi jikoni, lakini lebo iachwe.

Kwa dawa iliyobaki na kuharibika, ufungashaji wake hauna njia ya mkato. Kopo linalovuja halihamishiwi dawa yake kwenye kopo jingine. Linawekwa lote, jinsi lilivyo, ndani ya pipa kubwa zaidi lenye kifuniko kipana, na nafasi inayobaki inajazwa mchanga mkavu au kitu kingine kinachonyonya, ili likivuja tena lisiende mbali. Mapipa yanayokubalika yana mhuri wa Umoja wa Mataifa uliogongwa ubavuni, wenye herufi X, Y au Z. Pipa la X linaweza kubeba madaraja yote matatu, la Y daraja la pili na la tatu, na la Z daraja la tatu peke yake.

Pipa la lami lililokatwa, hata likipigwa rangi mpya, si mojawapo ya hayo.

Lipo pia jambo ambalo watu wa Mbinga wanaweza kulisahau kwa sababu ya baridi ya kwao. Kimiminika hutanuka kwa joto. Pipa lililojazwa hadi mdomoni asubuhi yenye ukungu huko Maguu au Litembo litakuwa limevimba kabla halijavuka Mikumi. Lazima iachwe nafasi juu. Na mapipa ya makundi yasiyopatana hayakai sehemu moja ya gari, seuze kuchanganywa na magunia ya maharage na abiria juu yake, kama inavyoonekana kwenye baadhi ya Fuso za siku ya gulio.

Taka za gereji nazo zinaongezeka. Tangu barabara ya lami ilipofika, na malori ya makaa ya mawe ya Ngaka yalipoanza kupita kwa wingi, oili chafu na betri mbovu si vitu adimu tena Mbinga. Betri angalau zina mnunuzi wa chuma chakavu, ingawa anayemwaga tindikali yake mtaroni ili apunguze uzito hastahili kupewa hiyo biashara. Chupa ya dawa haina mnunuzi, na ndiyo maana inahitaji utaratibu.

Huko milimani, Wamatengo wana kilimo cha ngoro, ambacho kwa vizazi vingi kimezuia maji ya mvua yasiporomoke na udongo. Mashimo hayo yanashika maji, na kwa tabia hiyo hiyo yanashika chochote kinachotupwa humo. Kopo la dawa lililoachwa kwenye ngoro halisombwi kwenda mbali. Linaachia sumu yake taratibu pale pale panapopandwa maharage na mahindi ya familia.

Linalotupwa mtoni nalo lina safari yake. Sehemu ya mito ya Umatengo inateremkia Ziwa Nyasa, mingine ikipitia Ruhuhu unaomwaga maji yake karibu na Lituhi. Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, ina watu wa Lituhi, Liuli, Mbamba Bay na vijiji vingine wanaochota, wanaoosha vyombo na wanaovua katika maji hayo hayo.

Ziwa lenyewe lina kina cha takriban mita 700 na mto mmoja tu unaotoa maji yake, Shire ulioko Malawi. Maji mengi zaidi huondoka kwa kupaa kama mvuke. Vitu visivyooza upesi havina njia ya kuondoka nayo. Endosulfani, dawa ambayo wakulima wa kahawa waliijua sana kabla haijaingizwa mwaka 2011 katika orodha ya Mkataba wa Stockholm ya kemikali zinazopaswa kuachwa, ni sumu kali mno kwa samaki. Mwenye chupa yake ya zamani darini anapaswa kuiweka chini ya kufuli, si kuisuuza mtoni.

Wafanyabiashara wa usipa na mbasa wanaweza kujifunza kutoka Ziwa Victoria. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa hilo kutoka Tanzania, Kenya na Uganda baada ya taarifa kwamba watu walikuwa wakivua kwa kutumia viuatilifu. Wavuvi waliokuwa hawajawahi kushika sumu maishani mwao walikosa soko pamoja na wahalifu.

Kahawa nayo imewahi kuponzwa na mzigo uliofungashwa vibaya. Mwaka 2008, Japani ilikuta mabaki ya viuatilifu kwenye kahawa ya Ethiopia na biashara hiyo ikasimama. Uchunguzi ulipofanyika, lawama ziliangukia magunia na si mashamba. Chama cha msingi kinachoweka katoni za dawa mbovu kwenye kona ya ghala la kahawa, kwa kuwa ghala lina kufuli zuri, kinacheza na jambo hilo hilo. Kufuli la kahawa na kufuli la sumu yawe mawili, kwenye majengo mawili.

Je, kuna mahali utaratibu wa kurudisha chupa umefanya kazi kwa wakulima wa kahawa? Upo Brazil, nchi inayoongoza duniani kwa zao hilo. Sheria ya huko ya mwaka 2000 iligawa mzigo bila kumwonea mtu. Mkulima anatakiwa kusuuza na kurudisha chupa ndani ya mwaka mmoja, mahali palipoandikwa kwenye risiti yake. Muuzaji anatakiwa kuandika mahali hapo na kuwa na pa kupokelea. Kiwanda kinatakiwa kuja kuzichukua na kugharimia mwisho wake. Chombo cha viwanda kinachosimamia kazi hiyo, kiitwacho inpEV, kilianza kazi mwaka 2002, na leo zaidi ya asilimia 90 ya chupa za plastiki za dawa hurudi.

Watasema Brazil ni tajiri na mashamba yake ni makubwa. Ni kweli, na mkulima mwenye hekta 500 ana gari lake la kurudishia chupa. Lakini Mbinga ina kitu ambacho kingeweza kufanya kazi ya gari hilo: vyama vya msingi ambavyo mkulima lazima avifikie kila msimu kupeleka kahawa. Safari ya kupeleka kahawa ya kwanza inaweza kutanguliwa na safari ya kurudisha chupa, kwa siku tofauti na chombo tofauti.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wenye maduka. Wanasema gharama ikiongezwa kwenye kila chupa, dawa halali itapanda bei na mteja atakimbilia ile isiyosajiliwa, ambayo haina mwenyewe na haitachangia kitu. Hofu hiyo ina msingi. Ndiyo maana mchango unapaswa kukatwa kule dawa inapoingilia nchini, si kwenye kaunta ya duka la Mbinga. Na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020 na kurithi kazi za iliyokuwa TPRI, inapaswa kubana dawa zisizosajiliwa kwa nguvu ile ile itakayotumia kudai chupa. Ikifanya la pili bila la kwanza, itakuwa imewaadhibu wanaofuata sheria.

Wapo pia watakaosema suluhisho ni kupunguza dawa zenyewe. Hao wana hoja. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa (TaCRI), yenye kituo chake Ugano hapo hapo Mbinga, imetoa aina za kahawa zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani, na mkulima aliyezipanda anapunguza sana ununuzi wa dawa za ukungu. Chupa isiyonunuliwa haihitaji pipa. Lakini kubadili miti ya wilaya nzima ni kazi ya miaka mingi, na makopo yaliyoko darini leo hayatasubiri.

Kinachoweza kuanza msimu huu hakihitaji mradi wa wafadhili. Kila chama cha msingi kinaweza kutenga kibanda chenye sakafu ya saruji, paa lisilovuja na kizingiti cha kuzuia kilichomwagika kisitoke, mbali na kisima na ghala. Ndani kuwe na sehemu nne: chupa zilizosuuzwa, makopo yenye mabaki na lebo zake, yasiyojulikana, na vidonge vya kufukizia ambavyo vikae pakavu, penye kupitisha hewa, mbali na vyote. Mtu mmoja awe na daftari la kuandika kilichoingia, siku na kiasi. Daftari hilo ndilo litakalomwambia msafirishaji alete mapipa mangapi na ya daraja gani.

Halmashauri za Mbinga na Nyasa zina uwezo wa kutunga sheria ndogo ya kukataza kuchoma na kufukia chupa hizo. Isitungwe kabla vibanda havijawepo, maana mkulima asiyekuwa na pa kupeleka atalipishwa faini kwa kosa la wengine.

Kuhusu gari, nguvu iko mikononi mwa vyama vyenyewe kuliko vinavyofikiri. Chama kinachoagiza dawa za wanachama mia kadhaa ni mteja mkubwa, na wasambazaji hushindana kumpata. Katika oda hiyo kunaweza kuandikwa sharti kwamba anayeuza ndiye atakayekuja, mara moja kwa msimu, na msafirishaji mwenye kibali na mapipa yenye mhuri, kuchukua kilichomo kibandani na kuacha nakala ya hati. Anayekataa akose oda. Sharti hilo liandikwe kabla malipo ya kwanza hayajatoka, kwa kuwa baada ya hapo msambazaji hana sababu ya kupokea simu.